Meza Nyeupe Niliyowatandikia Wakwe

Vijana wa chumba cha chakula, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie namna ya kutandika meza nyeupe. Mlisema wageni wanasifia mitandaoni kwamba meza zetu zinawatuliza, na kwamba sasa hata watu wa Lindi mjini wanataka kutandika hivyohivyo majumbani kwao, nyeupe tupu, bila makeke. Mkadhani kwa kuwa nimezeekea kwenye kazi hiyo, siri yake ninayo. Niseme mapema msije mkanidai: sina. Kufua najua, kupiga pasi najua, kutandika najua. Lakini kwa nini mtu akikaa mbele ya kitambaa cheupe anatulia, na huo utulivu wake ni wa namna gani, hapo ndipo nilipochanganyikiwa siku za mwanzo na ndipo nilipo mpaka leo. Mwaka huu, nikiwa kwangu Mtanda, hapa Lindi, nimetandika meza kama hiyo ili kuinusuru ndoa ya binti yangu Rukia, na yaliyotokea yamenivuruga zaidi. Nitafika huko. Kwanza kazi.

Niliingia kazini Kilwa Masoko nikiwa sijawahi kula mezani. Kwetu meza ilikuwa ya kuwekea redio, na chakula kililiwa chini, juu ya mkeka, sinia moja, mikono mingi. Nyumba ya wageni niliyoajiriwa ilikuwa ndogo, na chumba cha chakula kilikuwa chini ya mamlaka ya mwanamke mmoja mfupi kutoka Rondo, aliyeitwa Mama Tekla. Ujanani alikuwa akifua vitambaa vya altare kanisani kwao, na aliponiona alinikagua kucha kabla ya kuitikia shikamoo yangu.

Siku ya kwanza aliniambia nitandike meza moja kwa namna ninavyoona inapendeza. Nilifurahi, maana nilijiona mtu wa mapambo. Nikatandaza kitambaa cheupe, nikaweka juu yake kitenge cha maua mekundu, nikapanga makombe ya baharini kuzunguka sahani, nikachomeka waridi za plastiki kwenye chupa ya soda, na leso za karatasi nikazikunja umbo la ndege. Mama Tekla akaizunguka meza mara moja.

"Toa kitenge," akasema.

Nikatoa.

"Toa makombe. Yananuka pwani. Toa maua. Toa na hao kuku wako."

"Ni ndege, mama."

"Toa."

Mwisho kikabaki kitambaa, sahani nyeupe, uma, kisu na bilauri. Nikamwambia meza imebaki uchi. Akanijibu, "Haiko uchi. Imenyamaza." Sikumwelewa hata kidogo. Nilidhani ananionea kwa sababu mimi ni mtu wa pwani na yeye ni wa mlimani, nikaenda kulalamika kwa mpishi, naye akanipa viazi nimenye.

Baada ya hapo nilijifunza vifaa, na hapa msikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya barua hii ambayo nina hakika nayo. Kitambaa cheupe hakinunuliwi kikiwa cheupe, kinafanywa kuwa cheupe kila wiki. Kinahitaji wanga, na wanga wetu tuliutoa kwenye muhogo. Kuna muhogo, kuna jiwe la kukwaruzia, kuna maji. Ukishaukuna na kuuchuja, unauacha maji yatulie, wanga unakaa chini. Unaupika uwe mwepesi kuliko uji wa mgonjwa. Ukiwa mzito, kitambaa kinasimama chenyewe kama ubao na kumkata mgeni magoti. Buluu ya kufulia unaitia kidogo sana; nimeona watu wakiimwaga mpaka meza ikawa rangi ya sare za shule. Anika kwenye upepo, piga pasi kingali na unyevu, na pasi ya mkaa uipangusie kwanza kwenye jani la mgomba, kwa sababu chembe moja ya jivu inatosha kukurudisha kwenye beseni.

Madoa yana tabia zao. Kutu unaitoa kwa ndimu na chumvi. Doa la binzari ndilo litakalowatoa roho, kwa sababu ukilipaka sabuni linageuka jekundu ghafla, na mara ya kwanza nilipoliona nilikiangusha kitambaa nikidhani nimejikata. Msiogope. Suuzeni, anikeni juani, litaondoka lenyewe taratibu. Jua la Kilwa ni fundi mkubwa kuliko sabuni zote mnazoletewa na mawakala.

Na weupe si mmoja. Hili lilinichukua muda mrefu kulielewa. Kuna weupe wa tui, kuna weupe wa chumvi, kuna weupe wa chokaa. Ukilinganisha kitambaa na vyombo viwe sawasawa, meza inaumiza macho. Kitambaa kiwe cheupe cha tui, sahani ziwe nyeupe za chumvi, na upindo ushuke kiasi cha shibiri, usizidi. Katikati pabaki wazi. Vijana wa siku hizi hamwezi kuona mahali pako wazi bila kupachika kitu, hata simu zenu.

Maua ukiyahitaji, yawe machache na yasiwe na harufu. Hili nalo lina kisa chake. Mwaka wangu wa pili alikuja mstaafu mmoja wa serikali pamoja na mwanamke wa makamo, wakitembea taratibu, wameshikana mikono. Nikaona raha, nikasema hawa wazee wanapendana, ngoja niwafurahishe. Nikachuma asumini uani, nikatunga kikuba kizuri, nikakiweka juu ya kitambaa cheupe mbele ya mama yule. Mzee akakitazama, akanitazama.

"Kijana, nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Ni mapambo tu."

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Tumbo moja. Anaumwa mguu."

Wanawake wa jikoni walicheka mpaka nazi ikashika chini. Mtu yeyote wa pwani anajua asumini inatandazwa wapi na kwa shughuli gani, nami nilikuwa nimeiweka mbele ya kaka na dada mchana kweupe. Mama Tekla peke yake hakucheka, kwa sababu huko mlimani kwao asumini ni ua tu. "Kwani maua yana nini?" akauliza, na ikanibidi mimi, kijana, nimweleze mama mtu mzima wa kanisani habari za vitanda vya maharusi. Nilitamani sakafu inimeze.

Kesi iliyonifanya niamini habari ya utulivu ilikuwa ya mume na mke waliotoka Dar kwa gari lao. Walishuka wakigombana, wakaandikisha majina wakigombana, tukawasikia chumbani kupitia ukutani. Ugomvi wenyewe, kwa tulivyoelewa, ulihusu nani alisema wapite njia ipi. Mchana wakaja kula. Nilikuwa nimewatandikia meza ya ukumbini, nyeupe tupu, katikati pako wazi. Wakakaa. Yule bwana alifungua mdomo kuendeleza pale walipoishia, akatazama kitambaa, akaufunga. Baada ya muda wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Kisha nikamwona bwana anammiminia mkewe maji, polepole, bila tone kuanguka.

Nikakimbia kwa Mama Tekla. "Mama, meza imewapatanisha!"

Alikuwa anakunja mikono ya gauni afue. "Imewatisha," akasema. "Wanaogopa kumwaga mchuzi."

"Lakini wametulia."

"Kanisani nako watu wametulia. Mpaka leo sijajua nani anasali na nani anaogopa kukohoa."

Maneno hayo yaliniharibia raha ya kazi kwa miaka. Kila nilipomwona mgeni ametulia mezani kwangu nilijiuliza, huyu ana amani au ana woga? Nikichungulia nyuso zao, siwezi kutofautisha. Mama Tekla alirudi Rondo kwenye mikorosho yake, chumba cha chakula nikaachiwa mimi, wakaja wapishi wengine na wageni wengine, ninyi mkaja, na swali likawa palepale. Mlidhani natembea kati ya meza kimya kwa ajili ya heshima ya kazi. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

Sasa nyumbani.

Nilipostaafu nilirudi Mtanda kwa mke wangu Somoe na kumkuta na Rukia, binti yetu. Rukia alikuwa ameondoka kwa mumewe. Mumewe ni Shaweji, kijana wa Kikole, mtoto pekee wa kiume, mkulima wa ufuta, na tangu amwoe binti yangu sijawahi kusikia neno baya juu yake, hata kutoka kwa Somoe ambaye maneno hayampungukii. Sisi hatukujaliwa mtoto wa kiume. Shaweji alikuwa akija Mtanda anapanda juu ya paa kubadilisha bati bila kuombwa, na nilikuwa nimezoea kumhesabu kuwa wangu. Kilichowatenganisha ni mahali pa kuishi. Wazee wa Shaweji wamechoka, naye anataka kukaa nao Kikole. Rukia ni fundi cherehani, kazi yake na wateja wake viko Lindi. Kila walipolianza jambo hilo walipiga kelele, na vikao vya suluhu vilipokaa, wazee nao wakapiga kelele. Rukia alikuwa amekonda. Alikuwa anakaa na sahani yake akichora michoro kwenye ubwabwa mpaka unapoa.

Nilitaka arudi kwa mumewe. Niliseme wazi hilo, nisijifanye mtu wa kati. Nikawaza, nimetuliza watu wa mataifa mangapi, nishindwe kumtuliza mtoto wangu? Nikatuma ujumbe Kikole: Shaweji aje pamoja na wazazi wake, tule chakula cha mchana, halafu tuzungumze. Somoe aliponiona natoa redio kwenye meza aliniuliza kama tunahama.

Nilifanya kazi siku hizo kuliko siku zozote za utumishi wangu. Nilikuna muhogo mwenyewe. Kitambaa nilinunua bafta, ile ya sanda, na muuza duka, Mungu amsamehe, alinipa pole na kuniuliza maziko saa ngapi. Sahani nilikuwa nazo, nyeupe, nimepewa kazini siku ya kuniaga. Viti viwili nilivyopungukiwa niliazima kwa jirani. Katikati pa meza niliacha wazi. Somoe alikuja mlangoni na mwiko mkononi, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Inapendeza. Sasa nani anakula hapo?" Nikamjibu, "Sisi sote." Akacheka akarudi jikoni. Nilidhani amefurahi.

Wakwe wakafika kabla ya adhuhuri. Salamu zilikuwa nzuri, Rukia akapiga goti kwa wakwe zake, Shaweji akanipa shikamoo bila kuniangalia usoni kama ada. Kisha wakaingia sebuleni na kusimama.

"Mashallah," akasema Bi Zuhura, mama yake Shaweji. "Kuna nini humu, baba Rukia? Mnaozesha tena?"

"Ni chakula tu, bibie. Karibuni mkae."

Mzee Mfaume, mumewe, akashika mgongo wa kiti kimoja kama mtu anayejaribu kama kimekauka rangi. "Hapa anakaa nani?"

"Wewe, mzee mwenzangu. Mkeo pale. Mimi hapa, Somoe ubavuni kwangu. Vijana wetu wawili wanatazamana kule."

Akaniangalia kwa huruma. "Rukia akae mbele yangu nitafune?"

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Mke wangu ni Mmwera wa kule bara, na Mzee Mfaume wa Kikole hayuko mbali na mila hizo. Kwao mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Kumwona akitafuna ni aibu ya pande zote mbili. Baba wa mume naye hali mbele ya mkaza mwana. Nilijua hayo tangu nilipooa. Shaweji alipokuwa akija kwetu, Somoe alimpakulia, akafunika kwa kawa, akapotelea uani. Ila siku zile zote nilipokuwa nafua na kunyoosha sikuwaza watu. Niliwaza meza.

Nikamwita Somoe aje walau akae kidogo. Akajibu kutoka jikoni bila kujitokeza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Nimtafunie Shaweji usoni mimi? Baba Rukia, hoteli imekuharibu!"

Bi Zuhura naye akajifunga kanga vizuri. "Na mimi siwezi kukaa meza moja na baba Rukia kama tuko kwenye picha. Naenda kwa mwenzangu jikoni." Akaenda.

Nikaanza kuwapanga upya kichwani. Nimewahi kupanga wageni ambao nchi zao hazisalimiani, sijashindwa. Nikimweka Mzee Mfaume, Rukia hawezi kukaa. Nikimtoa Rukia, suluhu inakuwa ya nani? Nikimweka Somoe, Shaweji lazima atoke. Nikimtoa Shaweji, tumemwita wa nini? Nikajiweka mimi na Shaweji peke yetu, nikaona kijana wa watu atashika kijiko mbele ya baba mkwe wake mpaka magharibi bila kumeza. Nikawaza kutandika meza mbili, lakini kitambaa kilikuwa kimoja. Kila nilipomsogeza mtu, kulitokea haya nyingine mahali pengine. Nilisimama pale na sahani mkononi, mtaalamu mzima, sijui niiweke wapi.

Mzee Mfaume ndiye aliyenitoa. Alichukua mkeka uliokuwa umeegeshwa nyuma ya mlango, akautandika barazani, akaketi. "Njoo tule huku, mkwe," akaniita. "Watu ambao hawaoneani haya humo ndani ni wawili tu. Waache."

Basi ikawa hivyo. Hatukukubaliana, ilitokea tu. Rukia na Shaweji wakabaki wamesimama sebuleni na viti sita. Niliwapakulia kwa desturi ya kazi, wali wa nazi, samaki wa kupaka, kisamvu pembeni, nikawamiminia maji, nikainama kidogo kama ninavyowainamia wageni, nikatoka. Sijui kwa nini niliinama. Ni mtoto wangu.

Barazani tuliletewa sinia, nami nikawa namega tonge na kulirudisha. Mzee Mfaume alikula vizuri tu. Nilitega sikio nikisubiri kelele zianze. Hazikuanza. Nilisikia kijiko kinagonga sahani, kisha sauti ya Shaweji, ndefu, ya chini. Kisha ya Rukia, ndefu vilevile. Kisha kimya kirefu sana, nami nikakumbana tena na swali langu la miaka yote: hiki kimya ni cha amani au wanaogopa kumwaga mchuzi? Nikatamani Mama Tekla awepo anitukane.

Halafu Rukia akacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu aliporudi nyumbani. Shaweji naye akacheka, kicheko chake kile cha kujikohoza. Somoe aliyekuwa ametega sikio dirishani jikoni akapiga kigelegele. Bi Zuhura akapokea. Jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza anaolewa nani. Mzee Mfaume akanawa mkono harakaharaka, akainua viganja akaomba dua, na mimi nikaitikia amina na machozi yananilengalenga. Nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa zile sahani.

Wakatoka pamoja wakasimama mlangoni. Somoe alijificha nyuma ya mlango wa jikoni, kwa ajili ya mkwe, lakini tulimwona ncha ya kanga.

"Baba," akasema Shaweji, "tumeelewana."

"Alhamdulillahi!"

"Tumeelewana tuachane."

Mzee Mfaume alibaki na viganja vyake juu. Rukia akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Kwa wema, baba. Hatujagombana."

"Si mmecheka?" nikauliza. Ndilo swali lililonijia. "Tumewasikia mnacheka!"

"Tumecheka kwa sababu kila mmoja alikuwa amelificha neno lilelile akiogopa kumwumiza mwenzake," akasema Rukia. "Leo ndiyo mara ya kwanza Shaweji amemaliza kuniambia bila mtu kumkatisha. Hawezi kuwaacha wazee Kikole. Na mimi nimemaliza kumwambia. Nilijaribu kukaa kule, baba. Nilijaribu kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nakufa polepole."

"Ni kweli," akasema Shaweji. "Nilimwona."

Bi Zuhura aliketi kwenye kizingiti cha jikoni akalia waziwazi, kwa sababu anampenda Rukia, na Rukia akaenda akaketi naye, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe. Kutoka nyuma ya mlango Somoe akauliza, si kwa mzaha, "Sasa vigelegele vyangu nivirudishe vipi?" Jirani bado alikuwa juu ya ukuta, anasubiri kuambiwa anaolewa nani. Mzee Mfaume akaniuliza kwa kunong'ona kama hayo ndiyo mambo tunayofundishwa hotelini.

Niliikasirikia meza. Najua ni upuuzi, ni mbao na bafta, lakini niliingia ndani nikiwa nataka kuipindua. Nilikuta sahani ya Rukia imekwisha. Hakukuwa na michoro kwenye wali, hakukuwa na wali wenyewe. Kwenye kitambaa hakukuwa na tone. Nilisimama mbele yake sijui nimefanya kazi nzuri kuliko zote maishani mwangu au nimemvunjia mwanangu nyumba, na niwaambie ukweli, mpaka ninapoandika haya sijapata jibu. Kwa hiyo mtu akiwaambia meza nyeupe inaleta amani, mwulizeni amani ya nani. Mimi nilishindwa kuuliza hivyo.

Nilianza kuondoa vyombo. Shaweji akaingia, akavua kofia, akaanza kunisaidia bila kuombwa, kama alivyokuwa akipanda juu ya paa. Tulipomaliza vyombo kikabaki kitambaa. Ni kipana, mtu mmoja hawezi kukikunja bila kukiburuza. Nikamwonyesha ashike pembe za upande wake, nami nikashika za kwangu. Tukakivuta kikanyooka. Tukakikunja mara ya kwanza. Kisha namna ya kukikunja ni kusogeleana, kila mtu na pembe zake mpaka mikono ikutane, na mkwe huwa hamsogelei baba mkwe wake karibu namna hiyo. Alisita. Nikamwambia njoo.

Akaja. Mikono yake ilikuwa baridi. "Baba mkwe," akaanza, kisha akajaribu tena, "sijui sasa nikuite..." Alikuwa amenikabidhi pembe zake na hakuwa na sababu ya kuendelea kusimama pale, wazazi wake walikuwa wanamsubiri nje wawahi basi la Kikole.

Nikazirudisha pembe mikononi mwake. Nikamwambia hatukukikunja vizuri, arudi nyuma tuanze upya. Kitambaa kilikuwa kimekunjika sawasawa kabisa.